Ngozi ya snea kwa mpiga brashi: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ukifagia snea (ile ngoma ya seti yenye waya chini yake) kwa brashi za nyaya na usisikie kitu, usikimbilie kulaumu mkono wako wala brashi zenyewe. Tazama ngozi kwanza, yaani ule uso wa plastiki unaopigwa. Seti nyingi za bei nafuu zilizojaa makanisani na kwenye kumbi za Kisumu, Kakamega na Nakuru huwa na ngozi angavu, ya plastiki tupu inayoonyesha ndani, au nyeupe ambayo mpako wake wa kukwaruza ulishatoka zamani. Juu ya ngozi ya namna hiyo hata fundi wa brashi atabaki akigonga tu.

Kijiti hutoa sauti kwa kugonga. Brashi hugonga pia, ila kazi yake kubwa ni kufagia: mkono wa kushoto unazunguka bila kuinuka, ncha za waya zinakwaruza vijipunje vya mpako, na hapo ndipo mchakacho ule mrefu unapozaliwa. Ngozi angavu ni laini kama kioo cha dirisha, kwa hiyo waya zinateleza bila kukwaruza chochote. Ndiyo maana mpiga brashi huangalia mambo mawili kabla ya jina la kampuni: uso unaokwaruza, na ngozi nyembamba inayoitikia mguso mdogo.

Nalisisitiza hili kwa sababu brashi zinatufaa sana huku kwetu. Chini ya paa la mabati, snea ya vijiti humeza kwaya nzima, na mara nyingi mpiga ngoma huambiwa aache kabisa wakati wa nyimbo za taratibu. Kwa brashi anaendelea kupiga na waimbaji wanasikika. Bendi ndogo za hotelini kando ya ziwa nazo zina shida hiyo hiyo, kwa kuwa wageni wanataka kula na kuongea.

Hivi ndivyo ninavyozipanga, za inchi 14, ambacho ndicho kipimo cha kawaida cha snea.

Ya kwanza: tabaka moja, mil 10, yenye mpako mweupe

Mil moja ni sehemu moja ya elfu ya inchi. Mil 10 ni kama robo ya milimita. Kwenye kundi hili zimo ngozi za kampuni tatu: Remo Ambassador Coated, Evans G1 Coated na Aquarian Texture Coated. Ukipata mojawapo, usisumbuke kutafuta nyingine. Ambassador ndiyo iliyozoeleka zaidi. Ina mkwaruzo wazi, inaitikia mguso mdogo, na siku ukirudi kwenye vijiti bado inavumilia. G1 haiko mbali nayo. Mimi ningechukua ile iliyopo dukani na yenye mpako mzuri kuliko kungoja jina fulani mwezi mzima.

Mpako wenyewe utaujua hapo hapo kaunta. Omba ngozi itolewe kwenye boksi. Ishike kwa ile pete ya metali ya ukingoni, pitisha kucha taratibu kutoka ukingoni hadi katikati na usikilize. Mpako mzuri hutoa sauti kavu, moja, isiyokatika. Ukisikia sauti ikizimika mahali halafu ikarudi, basi mpako hapo ni mwembamba, na waya za brashi zitakuonyesha pengo hilo kila duara. Kisha tazama kucha yako. Ikiwa imebaki na unga mweupe mwingi, mpako huo utaanza kubanduka mapema. Muuzaji akikwambia, "Mkubwa, hizi zote ni sawa tu," mwombe kwa heshima akupe mbili uzilinganishe kwa mkono. Mwisho, ilaze ngozi juu ya kioo cha kaunta. Pete ikiyumba, imepinda, na snea yako haitakubali kukazwa sawasawa.

Ya pili: Evans UV1

Hii pia ni tabaka moja ya mil 10, ila mpako wake umekaushwa kwa mwanga wa urujuanimno, hivyo unashika zaidi na hautoki haraka. Mkwaruzo wake ni laini kidogo kuliko wa Ambassador, na ndiyo sababu nimeiweka nyuma. Lakini kwa seti ya kanisa, ambapo vijana wanne wanapokezana na watatu kati yao wanapiga kwa vijiti kwa nguvu zote, ningeinunua hii kabla ya ile ya kwanza. Mpako unaodumu ni akiba ya kweli pale ambapo ngozi mpya hutegemea mchango wa washirika.

Ya tatu: Remo Diplomat Coated

Mil 7.5. Ni nyembamba, na hata ncha ya waya moja inasikika. Anayepiga brashi pekee, kwenye bendi ndogo, ataipenda kuliko zote. Kijiti kizito lakini kitaiachia vishimo mapema, na snea ikishakuwa na vishimo katikati, duara la brashi linaruka. Usiinunulie seti inayotumiwa na watu wengi.

Ya nne: Remo Fiberskyn

Hii imetengenezwa kufanana na ngozi ya mnyama: nyuzi zimebandikwa juu ya plastiki, rangi yake ya maziwa yaliyochanganywa na chai kidogo. Sauti yake ni ya chini na yenye joto, na mchakacho wake ni wa kunong'ona. Wapo wanaoiona bora kuliko zote kwa brashi. Mimi naona inapotea gitaa la besi likiingia, hasa ukumbini kusiko na maikrofoni ya ngoma. Nyumbani au studioni, hapo inang'ara.

Aliyekulia Kakamega akisikia isukuti za Waisukha na Waidakho, ngoma ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, anajua ngozi halisi ina utamu ambao plastiki haijaufikia. Snea nazo zilivalishwa ngozi ya ndama hadi plastiki ilipoingia sokoni miaka ya 1950, na brashi zilisikika vizuri sana juu yake. Tatizo ni unyevu. Ngozi ya mnyama hulegea hewa ikiwa na maji na hukaza jua likiwaka, na kwenye mvua za Machi hadi Mei pale Kisumu ungekuwa unakaza na kulegeza skurubu kati ya wimbo na wimbo.

Ya tano: tabaka mbili zenye mpako

Remo Emperor Coated na Evans G2 Coated, kila moja ina tabaka mbili za mil 7. Zinafagika, kwa sababu mpako upo, lakini uzito wake unameza mguso mdogo. Zinunue tu ikiwa seti inapigwa kwa nguvu wiki nzima na brashi hutoka mara chache.

Kuhusu ngozi zenye doa, yaani kiraka cha duara cha kuziimarisha, katikati, angalia doa liko upande gani. Likiwa chini, kama kwenye Remo Controlled Sound yenye mpako, uso wa juu unabaki na mkwaruzo wake na brashi haina shida. Likiwa juu, waya zinavuka kutoka sehemu inayokwaruza hadi sehemu laini na sauti inakatika.

Angavu zote, na zile angavu zenye mafuta katikati ya tabaka, ziache. Zina kazi yake kwenye tomu, zile ngoma nyingine za seti zisizo na waya. Ngozi za wavu za mazoezi ya kimya nazo hazifai, waya zinanasa.

Usisahau ya chini

Watu wengi hubadilisha ngozi ya juu na kuiacha ya chini iliyokuja na seti, imelegea na kujaa vumbi. Brashi hugusa kwa upole, na ngozi ya chini ndiyo inayoupeleka mguso huo kwenye waya za snea. Hii ni ngozi ya aina yake, nyembamba sana, kwa kawaida mil 3, isiyo na mpako: Remo Ambassador Snare Side au Evans 300. Hakikisha boksi limeandikwa "snare side". Ukivalisha chini ngozi ya juu ya mil 10, waya zitakuwa kama hazipo.

Kupima na kuagiza

Pima mwili wa ngoma wenyewe baada ya kutoa pete ya juu, ile inayokazwa kwa skurubu kuishika ngozi. Ukipima juu ya pete utapata namba kubwa kuliko ukweli. Baadhi ya snea ni za inchi 13, na ngozi ya 14 hapo ni hasara. Kama duka la karibu halina, wengi huagiza Nairobi na kupokea mzigo kwa basi. Kwa hiyo kabla ya kutuma pesa, omba picha ya ngozi ikiwa nje ya boksi, iliyopigwa kwa mwanga wa pembeni. Mpako uliochubuka huonekana hivyo mara moja. Mwombe pia aifunge kati ya maboksi mawili bapa, maana ngozi hizi hupindwa na mizigo mingine njiani.

Ikishaanza kuchoka

Baada ya muda utaona alama za kijivu za waya juu ya weupe. Hizo si tatizo. Tatizo ni alama inayong'aa yenye umbo la mwezi mchanga upande wa kushoto, pale mkono unapozunguka kila siku. Fumba macho ufagie: ukisikia sauti inazama mahali pale pale katika kila duara, legeza skurubu, izungushe ngozi nusu duara ili sehemu mpya ije chini ya mkono wa kushoto, kaza tena ukivuka kila mara kutoka skurubu moja hadi ile inayoikabili. Umepata maisha ya pili bila kulipa. Msasa laini nao unaweza kuamsha uso uliolala, lakini kwa siku chache tu. Rangi ya kupuliza usiijaribu, hubanduka na kujaa kwenye waya za brashi.

Kagua na brashi zenyewe kabla hazijagusa ngozi mpya. Waya mmoja uliojikunja kama ndoana huchora mfereji kwenye mpako ndani ya wimbo mmoja. Ukate kwa kikata kucha. Na kama pesa bado hazijatosha, fanya mazoezi juu ya kipande cha boksi la katoni kilicholazwa juu ya snea. Karatasi kavu hufagika vizuri, na mkono utakuwa tayari ngozi ikifika.