Korti zipo tele, kazi ni kupata wachezaji: uzoefu wangu wa padeli Göteborg

Habari njema kwanza kwa anayehamia Uswidi sasa hivi: korti za padeli, mchezo wa raketi unaofanana na tenisi, si tatizo tena. Waliocheza mwaka 2020 na 2021 wanasimulia jinsi walivyokuwa wakikesha na simu mkononi, maana nafasi za jioni zilikuwa zikifunguliwa tu zinaisha. Wakati ule kila mwenye godauni tupu alitaka kuligeuza ukumbi wa padeli, na hata mwanasoka Zlatan Ibrahimović aliingiza fedha zake huko kupitia kampuni ya kumbi iitwayo Padel Zenter. Kisha 2022 umeme ukapanda bei, mikopo ikawa ghali, watu wakarudia mambo yao ya zamani, na kumbi nyingi zikafunga au kufilisika. Zilizobaki zinagombea wateja, na sisi ndio wateja wenyewe.

Mimi huchezea hapa mjini Göteborg. Programu ya simu ninayoitegemea kubuku korti ni Matchi, mzaliwa wa hapa hapa mjini. Unachagua mchezo, mji na siku, inakuletea kumbi zilizojiunga nayo pamoja na saa zilizo wazi, unalipa, umemaliza. Nyingine ni Playtomic, ya Wahispania wa Madrid. Pakua zote mbili, kwa sababu ukumbi ulio kwenye hii mara nyingi huuoni kwenye ile, na ukitumia moja tu utadhani mji mzima umejaa.

Kumbi zenyewe ziko kwenye maeneo ya magodauni na karakana, kama Högsbo na Sisjön upande wa kusini, kwa hiyo angalia basi la kurudia kabla ya kubuku saa za usiku. Nyingi hazina mtu wa mapokezi. Unatumiwa namba ya mlango kwenye simu, unabonyeza, unaingia. Muda ukiisha taa zinazima zenyewe, hata kama mko sare na mpira uko hewani. Saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku ndizo ghali: mimi hukuta kati ya kroni 300 na 500 kwa saa. Mchana bei inashuka sana. Mkigawana wanne haiumi, na raketi ya kukodi huwa kama kroni 50.

Sasa hao wanne ndio shughuli. Korti ni mita 20 kwa 10, imezungushiwa vioo na nyavu za chuma, na mchezo ni wawili kwa wawili. Ukiwa peke yako hata uone nafasi wazi kutwa nzima, huna cha kufanya nazo. Waswidi wengi wana kundi lao la kazini au la mtaani, na saa yao ya kudumu kila wiki. Hawakufukuzi, ila pengo haliko. Nilibuku korti mapema nikiamini watu watapatikana, nikaishia kupigisha mpira ukutani na jamaa mmoja niliyemtoa kwenye timu yetu ya mpira wa miguu ya Waswahili, ambaye alikuja na viatu vya njumu. Tukamvua.

Hapo Playtomic ikanifaa. Ina mechi za wazi: unaona wawili au watatu wameshajiandikisha, unajaza nafasi iliyobaki na kulipa robo yako. Kila mchezaji ana kiwango kati ya 0 na 7. Mechi ya ushindani inakipandisha au kukishusha, ya kirafiki haikigusi. Ila mwanzoni kiwango kinatokana na majibu yako mwenyewe, na binadamu tunajipenda. Utakutana na mtu wa 3 ambaye mpira ukigonga kioo anasimama kuutazama, wakati padeli yenyewe ndiyo hiyo: udunde chini mara moja, uguse kioo, uurudishe.

Lakini kilichonitoa upweke hasa ni Americano, mashindano madogo ya kubadilishana wenza. Kumbi nyingi huandaa, na unajiandikisha peke yako. Raundi fupi, kila raundi unabadilishiwa mwenzako, na pointi ni zako binafsi. Jioni moja umeshacheza na watu saba au wanane, umejua nani anacheka akikosea na nani ananuna, na mwishoni namba za simu zinabadilishwa. Wanaume kwa wanawake, wazee kwa vijana. Kuanzisha mpira kwa mkono wa chini, si juu ya kichwa kama tenisi, kunafanya nguvu zisiwe kila kitu. Kama una bajeti ya kulipia kitu kimoja tu kwa mwezi, lipia hicho.

Ndiyo maana siku hizi nachagua ukumbi kwa ratiba yake ya Americano kabla ya kutazama korti. Kuna mmoja, simtaji mtu, una vioo vipya na vyumba vya kubadilishia vinavyong'aa, lakini hauna hata tukio moja la wasio na kundi; nilicheza humo nikaondoka bila kujua jina la mtu. Ninaoupenda mimi una zulia lililochakaa na baridi ya kukufanya ucheze na sweta mwezi wa Januari, ila Jumapili asubuhi unajaa.

Kumbi zitakuvuta pia kwa uanachama wa mwezi wenye punguzo la mchana. Ukifanya kazi za zamu unaweza kukulipa. Anayetoka kazini jioni, kama mimi, asome kwanza ni saa zipi zinazopunguzwa.