TAHADHARI: "Dawa" ya kufuta kivuli cha nembo kwenye gari ni mafuta tu, na nyuma yake unakuja msasa

Ndugu zangu wenye magari, hasa mliobandua nembo na sasa alama yake inawakera kila mkifungua buti, naomba msome hii kabla hamjampa mtu hela.

Gari langu ni jekundu lililoiva, lina zaidi ya miaka kumi, na muda mwingi linalala juani. Kwenye buti lilikuwa na herufi za plastiki ambazo sikuzitaka, nikazibandua mwenyewe. Nilipasha moto kwa mashine ya kukaushia nywele, nikapitisha mshipi wa kuvulia samaki nyuma yake kama mtu anayekata mche wa sabuni kwa uzi, zikatoka nzima. Gundi iliyobaki niliisukuma kwa kidole gumba hadi ikajiviringisha yote. Nikaosha, nikakausha, na herufi bado zilikuwa pale. Ukipapasa huzigusi, lakini zinasomeka vizuri kabisa: wekundu mzito wa siku gari lilipotoka kiwandani, katikati ya wekundu uliopauka.

Hapo ndipo nilipompata huyu mtu. Anajitangaza kwamba ana dawa ya "kurudisha rangi", na picha zake za kabla na baada zinavutia kweli. Alikuja jioni, jua limeshazama. Akatoa chupa isiyo na lebo, akamimina kwenye kitambaa, akasugua dakika chache. Ile harufu nilipaswa kuitilia maanani, maana ilikuwa kama mafuta ya taa yaliyochanganywa na manukato. "Tazama mwenyewe bosi, imekwisha hiyo." Nikatazama, na kweli sikuona herufi hata moja. Nikamlipa yote na chupa nyingine nikanunua.

Niliosha gari kwa sabuni mara ya kwanza, mambo yakawa sawa. Mara ya pili nikaona kama ukungu. Mara ya tatu neno zima lilikuwa limerudi.

Kilichotokea ni hiki, na ndicho nataka kila mtu akielewe. Magari mengi ya sasa yana praima, yaani rangi ya kwanza inayopakwa chini, juu yake rangi yenyewe, na juu kabisa klia, tabaka angavu lisilo na rangi linalong'aa na kuikinga. Jua likipiga miaka mingi, uso wa klia unachakaa na kuwa na ukungu, na rangi iliyo chini nayo inaweza kufifia. Sehemu iliyofunikwa na nembo haikupigwa na jua. Kwa hiyo hapo penye kivuli hapana ugonjwa, pazima ni hapo, kilichochakaa ni gari lote linalopazunguka. Hakuna dawa ya kupaka pale kwenye herufi ikaponya kitu. Mafuta yanachofanya ni kujaza vile vinyweleo na mikwaruzo midogo ya klia iliyochoka, mwanga unapita vizuri, rangi inaonekana imekolea pote. Maji yanafanya hivyo hivyo bure. Loweka buti lako sasa hivi uone. Kama kivuli kinapotea likiwa bichi na kurudi likikauka, tatizo liko kwenye uso wa klia, na kulisugua taratibu kwa kompaundi laini (krimu ya kusugulia na kung'arishia rangi) kunaweza kuliondoa au kulipunguza sana. Kama kivuli kinaonekana hata likiwa bichi, ujue rangi yenyewe ya chini imefifia, na hapo polishi ya aina yoyote haitaufikia mzizi wake.

Nilipompigia simu kulalamika hakukataa. Alikuja siku hiyo hiyo, mpole kabisa, akasema rangi yangu ni "sugu" na inahitaji hatua ya pili. Akatoa kipande cha msasa, akakiloweka kwenye ndoo. Nyuma yake kimeandikwa 800. Mimi sikujua maana ya namba hiyo, ninyi ijueni: mafundi wanaosawazisha klia kwa ajili ya kuing'arisha huanzia kwenye 1500 au 2000 kwenda juu, yaani laini zaidi. Rangi yote ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa maikroni 100 hadi 150 hivi (maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na klia mara nyingi ni 40 hadi 50 tu kati ya hizo. Unywele wa kichwani mwako ni mnene kuliko klia ya gari lako. Ukiikuna hiyo kwa 800 halafu ukaifuata na mashine ya kung'arishia, unakula kinga ambayo hairudi tena.

Niliona kwa macho yangu ilivyokwisha. Pedi ya mashine ilikuwa inatoa unga mweupe, kisha kwenye ule mkunjo wa buti, pale bati linapopinda, unga ukageuka mwekundu. Kwenye gari lenye klia, ukiona rangi ya gari kwenye pedi au kitambaa ujue klia imetoboka. Nilimwambia aache. Akaifuta, pakabaki baka lisilong'aa, ukubwa wa kiganja, limezungukwa na ukingo kama ramani. Na hapo hapo akawa na jibu: sasa buti lote lipigwe rangi upya, anaye ndugu yake atakayeifanya haraka.

Ndipo nikaelewa mpango mzima. Chupa ni chambo, msasa unaharibu, kazi kubwa inahamia kwa mwenzake. Nimeshazungumza na wawili waliopitishwa njia ile ile, mmoja boneti, mwingine mlango wa nyuma.

Fundi rangi mwingine, ambaye aliangalia tu na hakuniuzia kitu, alipima kwa kipima unene sehemu mbalimbali za buti na akanionyesha namba zinavyoporomoka kuelekea kwenye baka. Akasema kivuli changu kingepungua karibu chote kwa kompaundi laini na mkono wenye subira, na kilichobaki kingeendelea kufifia chenyewe juani. Sasa kupiga rangi hakukwepeki. Hata hilo lina mtego wake. Namba ya rangi iliyo kwenye kibandiko cha gari inakupa rangi ya gari likiwa jipya, na gari langu si jipya. Fundi wa kweli atachanganya kwa kufuata gari lilivyo leo, atajaribu kwenye kipande cha bati kwanza, na atafifisha kingo za rangi mpya hadi kwenye sehemu za bodi zilizo jirani. Anayekwambia "namba inatosha" atakuachia buti linaloonekana limetoka gari jingine.

Kwa hiyo mtu akikuahidi kufuta kivuli cha nembo, mwambie afanye nusu tu ya herufi kwanza, mchana, juani. Kisha wewe mwenyewe chukua alkoholi ya aisopropili iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, ifute pale alipopita, subiri ikauke, utazame kwa pembeni. Mafuta yataondoka na kazi ya kweli itabaki. Akikataa jaribio hilo, usimlipe. Na akitoa msasa kabla ya kupima unene, funga buti lako.

Wenye ile chupa nyumbani, msiipake tena. Na kama mtapeleka gari kupigwa rangi, mwambieni fundi mapema kwamba ilipakwa. Kama ina silikoni na haijasafishwa kabisa, rangi mpya itakimbia sehemu hizo na kuacha vijishimo vidogo vidogo kama macho ya samaki, na kazi itaanza upya.