Fundi wa bodi anayekuja nyumbani, Malindi: siku 23 na Peugeot 504 ya baba

Wenye magari ya zamani hapa Malindi, hasa sisi tunaoyatengeneza uani kwetu, tuna shida moja: fundi wa bodi wa kuaminika. Huyu ninayeandika habari zake alinifanyia kazi siku 23 kati ya Januari na Machi. Jina silitaji kwa kuwa hakuniruhusu. Ukifika kwenye mabanda ya jua kali ukauliza mzee wa gesi, yule anayechomelea kwa moto wa gesi na kwenda majumbani, utaelekezwa.

Gari ni Peugeot 504 stesheni wagoni ya 1979, ile ndefu ya safu tatu za viti, gia kwenye usukani. Marehemu baba aliiendesha teksi ya Malindi na Mombasa enzi za kungojea feri pale Kilifi, kabla daraja halijafunguliwa mwaka 1991. Alipofariki, gari ilikaa chini ya mwembe miaka kumi na mmoja. Injini naifungua mwenyewe. Kilichoninyima usingizi ni kutu, maana nyumba yetu iko Shela (Shela ya Malindi, si ile ya Lamu) na upepo wa bahari unatupiga mchana kutwa na chumvi yake.

Kabla ya mzee huyu nilishaumizwa. Gereji moja ilinitoza shilingi 30,000 kutengeneza sili, yaani yale maboksi ya chuma yaliyo chini ya milango. Zilirudi zinang'aa. Mwezi wa nne rangi ikatunga malengelenge. Nikachukua sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu, nikaipitisha ubavuni: juu inashika, chini inaanguka. Nikachokoa kwa bisibisi, ikazama hadi mpini. Hapakuwa na chuma ndani. Ilikuwa fila, ile lahamu ya kusawazishia bodi, imekandikwa juu ya magazeti kama udongo kwenye fito.

Mzee alipokuja siku ya kwanza hakuleta hata nyundo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaomba mkeka, akalala chini ya gari. Alikuwa akigonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anatia alama ya chaki. Alipotoka, alama zilikuwa kumi na nne. "Mwanangu," akaniambia, "hapa pote nitakata. Kama wataka kufunikiwa, mtafute mwengine." Tukakubaliana hapo hapo: shilingi 2,000 kwa siku, pamoja na chai ya asubuhi na chakula cha mchana. Vifaa nanunua mimi: mabati mawili ya unene wa geji 18, gesi, diski za grainda, msasa, na praima, yaani rangi ya kwanza inayopakwa juu ya chuma kitupu. Mkono wake peke yake ukafika 46,000. Ni zaidi ya nilivyotozwa na ile gereji, lakini safari hii nilinunua chuma.

Alikataa kuwasha gesi mpaka nimelifungua tangi la petroli na kulitoa nje ya geti. Betri pia. Kisha akaanza kukata, na hakuacha kukata mpaka afike kwenye chuma kinacholia kikigongwa. Viraka alivikunja mwenyewe juu ya kipande cha reli, akavipima mara tatu nne kabla ya kuchomelea. Na kila alipotaka kuziba boksi aliniita: "Njoo utazame kabla sijafunga." Hilo sijawahi kufanyiwa na fundi yeyote. Ndivyo nilivyojua kwamba sili za 504 zina vitundu vya kutolea maji upande wa chini. Vya kwetu vilijaa matope ya barabara yaliyoganda kama saruji, kwa hiyo maji ya mvua yakaingia yasitoke, na chumvi ikafanya kazi yake gizani miaka yote hiyo. Alivizibua vyote, na ndani tukamimina grisi iliyoyeyushwa kwa oili.

Kilichonishangaza zaidi ni habari ya maji. Siku ya kuosha chuma kabla ya praima nilimletea ndoo ya maji ya kisima. Alionja kwa ncha ya ulimi, akayamwaga, akataka ya mfereji. Kisima chetu kina chumvichumvi, na chumvi ikibaki kwenye vishimo vya chuma huvuta unyevu, kutu ikamea chini ya rangi mpya bila wewe kuiona. Alipomaliza kuosha alikausha kwa kitambaa na jua, akapaka dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori kwenye vile vishimo, akaiacha ifanye kazi, akaifuta, ndipo praima ikapita. Hakukwangua zaidi ya anachoweza kupaka siku ile ile. Chuma kitupu kikilala nje usiku mmoja kwetu, asubuhi kina rangi ya manjano. Na baada ya Alasiri hagusi praima kabisa, hata ukimbembeleza, kwa sababu hewa inaanza kulowa.

Tena si bodi tu. Nilikuwa nimeshafungua silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, niko tayari kuizungusha injini kwa spana nione pistoni zinavyopanda. Akaniita kwa sauti nikasimama. Kwenye injini hii ya 1971 cc slivu, yaani mirija ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, hazikukazwa kwenye bloku. Zimesimama ndani ya maji, zimekalia gasketi nyembamba chini, na hedi ndiyo inayozikandamiza. Ukizungusha hedi ikiwa haipo, pistoni inaweza kuinyanyua slivu, ile gasketi ikaharibika, na maji yakaingia kwenye oili. Akanionyesha jinsi ya kuzibana kwa bolti na washa pana. Alijifunza hayo enzi 504 zilipokuwa teksi za pwani nzima, siku gari hizi ziliposhinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978.

Sasa kasoro, nazo zipo. Gesi hutandaza moto, na bati pana likipata moto linajikunja. Ubavu wa nyuma, chini ya dirisha refu, alijitahidi kwa vitambaa vya maji na kuchomelea nukta moja huku, nyingine kule. Bado umebaki na mawimbi, na jua la jioni likiupiga unayaona. Kwa sakafu, sili na ndani ya madigadi haidhuru. Kwa bati pana lililo wazi, tafuta mwenye mashine ya kuchomelea ya waya.

La pili liliniudhi. Alikwenda matangani Lamu, akakaa wiki tatu, milango miwili ikabaki na praima nyekundu peke yake. Praima ile hunywa unyevu. Aliporudi ilikuwa imetoka madoa ya kahawia, tukairudisha mpaka chuma, na siku ile alinidai malipo kamili. Nilimwambia kwa adabu kwamba sikuona haki. Siku ya pili ya kazi ile ile hakunidai kitu, nami sikuihesabu kwenye zile 23. Ukimchukua, nunua rangi ya juu mapema, na akisafiri upake mwenyewe hata kwa brashi.

Rangi ya mwisho sitampa, na yeye mwenyewe haitaki. Hana chumba cha kufunga, na uani kwetu upepo unaleta mchanga.

Sumaku yangu sasa inashika kuanzia bawaba ya mbele hadi taa ya nyuma, pande zote mbili. Umebaki mlango mkubwa wa nyuma, ulioliwa chini ya kioo. Tumepatana arudi Septemba, mvua zikiwa zimekatika. Bati lake nimeshalinunua, limelala ndani juu ya kabati, limepakwa oili.