Kadi ya enkoda yenye Z ya urembo

Sijui nianze na kadi au na yule kijana wa simu, maana wote wawili wamenipandisha presha. Tuanze na kadi.

Ni ile inayochomekwa ndani ya draivu, kifaa kinachoendesha mota, ili draivu isome enkoda ya spindeli, yaani kihisi kinachotoa mapigo ya umeme kadiri mhimili wa mashine unavyozunguka. Halafu kadi inatoa nakala ya mapigo yale yale kwenda kwenye kontrola ya CNC, kompyuta inayoiongoza mashine. Enkoda moja, wasomaji wawili. Tangazo lilisema wazi: nakala kamili ya mawimbi matatu ya enkoda, A, B na Z. Kwa mkata hesi, Z ndiyo roho ya kazi. A na B zinaeleza kasi na upande wa kuzunguka. Z inapiga mara moja tu kila mzunguko, na ndiyo inayoiambia kontrola ianzie wapi. Hesi haikatwi kwa mpito mmoja. Kisu kinarudi tena na tena, na kila kikirudi lazima kiingie kwenye mfereji ule ule.

Nikafunga, nikawasha. Kasi ikaonekana kwenye skrini ya kontrola, sawasawa kabisa. Nikafurahi mapema. Programu ilipofika kwenye mstari wa G76, amri ya kukata hesi, mashine ikaganda. Spindeli inazunguka, kipozeo kinamwagika, kisu kimesimama milimita chache mbele ya chuma na hakisogei. Hakuna alamu, hakuna ujumbe wa kosa. Kontrola ilikuwa inaisubiri Z, na kwa jinsi nilivyoiona ingesubiri hadi kiama.

Nikaleta osiloskopu, kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme. Kwenye waya za enkoda yenyewe, Z ipo, safi. Kwenye skurubu za kutokea za kadi, A na B zinacheza vizuri, Z ni mstari mnyoofu. Nikaichomoa kadi na kuigeuza. Skurubu mbili zimeandikwa Z+ na Z- kwa herufi nyeupe za kupendeza, na nyuma yake hakuna njia hata moja ya shaba. Hazijaungwa popote! Kilichoniuma zaidi ni kwamba chipu ya kusukuma mawimbi iliyokaa pale pale ni 26LS31, ambayo kila moja ina njia nne. A imechukua moja, B moja, mbili zimekaa bure. Hawakuhitaji hata kuongeza chipu.

Naelewa walivyofikiri. Draivu ikiwa kazi yake ni kushika kasi tu haina shida na Z, na aliyebuni kadi alikuwa na draivu peke yake kichwani. Sawa. Basi usiandike Z.

Nikapiga simu kwa wenye tangazo. Kijana akaniuliza, "Fundi wako ameunganisha vizuri kweli?" Nikamwambia fundi ni mimi. "Basi kaka, tafuta mtu mwenye uzoefu wa enkoda, wengi wanakosea hapo." Nikamweleza habari ya shaba, taratibu, kama unavyomweleza mtu njia. Kimya. Kisha akasema kadi imekidhi viwango, na simu ikakatika. Sitamsingizia kwamba aliikata. Ila hakupiga tena, na barua pepe niliyotuma na picha hadi leo haijajibiwa.

Kwa aliye na kadi kama hii, hivi ndivyo nilivyoiponya. Achana kabisa na zile skurubu za nakala. Enkoda inayofuata RS-422, kiwango cha kutuma kila wimbi pamoja na kinyume chake, inaruhusiwa kuhudumia hadi wapokeaji 10 kwenye laini moja, kwa hiyo wawili si mzigo. Waya zinaingia kwenye pembejeo za kadi, na kutoka pale pale zinaendelea hadi kontrola, zote, pamoja na Z. Rizista ya 120 Ω ibaki moja tu, mwisho wa laini, kwa kontrola. Ukiacha na ile ya kwenye kadi, mbili kwa pamoja zinakuwa 60 Ω na mawimbi yanalegea. Umeme wa volti 5 wa enkoda utoke upande mmoja tu, usizikutanishe pawa saplai mbili. Lakini sifuri ya volti iwe ya pamoja.

Tatizo ni kwamba rizista ya kadi imelehemiwa. Kuitoa ni kuua waranti. Nimeitoa. Waranti ya watu wasiojibu barua nayo ni ya nini?

Na sasa linalonikera kuliko yote: kama kadi ya draivu, kitu hiki ni kizuri sana. Kabla yake spindeli ilikuwa inazubaa kwenye mizunguko ya chini kila kisu kilipouma chuma kinene. Sasa inashika kasi bila kutetereka, na hesi ya hatua ya milimita 1.5 niliyokata jana nati imeingia kwa vidole. Nilikaa kuandika haya nikiwa na nyota moja mkononi. Nikiisikia mashine inavyokata, roho inanisuta nitoe tatu. Naweka mbili. Ya tatu wataipata siku watakapoipa Z waya, au wakaifuta kwenye tangazo.