Takwimu za joki au za mkufunzi: zipi zimwongoze anayebeti farasi?

Anayebeti mbio za farasi za Uingereza hukuta kwenye ratiba ya siku takwimu za aina mbili, za joki (anayempanda farasi mbioni) na za mkufunzi (anayemfunza na kumtunza), na mimi huanza na za mkufunzi. Yeye ndiye anayeamka na farasi kila siku, anayechagua mbio na umbali unaomfaa, na anayejua kama mnyama aliyepumzishwa miezi mitatu yuko tayari kurudi. Kwa hiyo rekodi yake, ikichambuliwa kwa uwanja, kwa umbali na kwa muda wa mapumziko, hueleza jambo ambalo bado halijaonekana mbioni.

Takwimu za joki huvutia zaidi lakini hupotosha kwa urahisi, kwa kuwa joki mashuhuri hupewa farasi bora, na asilimia yake ya ushindi hubeba pia nguvu za farasi hao. Tarehe 28 Septemba 1996, joki Frankie Dettori alishinda mbio zote saba za siku hiyo kwenye uwanja wa Ascot, Uingereza. Farasi wa mwisho, Fujiyama Crest, aliyekuwa akilipa 12 kwa 1 asubuhi (faida ya 12 kwa kila 1 ya dau), alianza mbio akilipa 2 kwa 1 tu, kwa sababu watu walikuwa wakimwekea dau mpandaji. Alishinda, naam, lakini kwa farasi yule malipo yalikuwa duni mno.

Za joki nazitazama kwa makini pale mkufunzi anapobadilisha mpandaji wa kawaida, mradi yeye na mpandaji huyo mpya wameshirikiana mara nyingi: ushindi 2 katika mbio 5 hauna uzito wa ushindi 40 katika mbio 200.