TAHADHARI: tapeli wa "kurudisha akaunti" ametuingilia Lamu

Shoga zangu na jamaa wote wa Mkomani na Langoni, naandika hasira zimenifika kooni. Mnajua siwezi kuingia kwenye akaunti yangu ya Facebook tangu ile simu ilipotumbukia gatini Shela. Anwani ya Yahoo niliyoifungulia mwaka 2011 ilishafutwa kwa kukaa bila kutumika, kwa hivyo kila nikiomba namba za kuingilia zinakwenda kusikojulikana. Na humo ndimo zilimo picha za marehemu baba akiwa kwenye dau lake. Sina nyingine.

Kijana akanijia inboksi: "Asalamu aleikum dada, ndia iko." Si njia, ndia! Mtu wa kusema ndia na mato kama sisi wa Lamu, mimi nitamshukuje? Tena akamwombea baba rehema. Nikalainika.

Akataka 1,500 za programu. M-Pesa ikaleta jina la mwanamke, akasema ni mkewe. Kesho yake akaleta skrinshoti: picha yangu ya zamani, chini yake asilimia 78 ya kurudishwa. Nilipiga kigelegele, wallahi. (Picha yenyewe iko wazi kwa kila mtu, ndiyo kwanza nagundua.) Akataka 2,300 za "kufungua kufuli". Nikatuma.

Jumamosi baada ya alasiri nina bibi harusi mbele yangu, mkono mmoja nimemaliza kuuchora, vidole vyangu vimejaa piko. Anapiga. "Dada, namba sita zaingia sasa hivi, nisomee upesi, zikipita dakika mbili kazi yote imeharibika." Simu siwezi kuishika. Nikamwita mtoto wa dadangu, ana miaka 9, nikamwambia msomee mjomba. Akasoma tatu, akasita. "Mama mdogo, hapa pameandikwa WhatsApp, usimpe mtu." Nikamwambia nyamaza, soma. Nyamaza! Mbele ya bibi harusi na nyanyake. Akasoma zilizobaki, na yule mwizi akamwambia mashallah, wajua kusoma.

Magharibi haijaadhiniwa nimeshatolewa kwenye WhatsApp yangu mwenyewe. Isha, shangazi wa Malindi anapiga analia, niko hospitali gani? Ameshamtumia 4,000 huyo mwizi, akidhani ni mimi. Akapeleka ile meseji ya M-Pesa 456, namba ya Safaricom ya kurudisha pesa, wapi, zimeshatolewa.

Mtu huyu ni wa kufungwa. Ngome yetu ilikuwa jela mpaka 1984. Ingekuwa jela bado ningempeleka mwenyewe, juu ya punda, uso ameupa mkia, watoto wa Langoni wakimzomea njia nzima. Kumwombea babangu rehema huku mkono umo kibindoni mwangu!

Namba zake nimezipeleka 333, namba ya Safaricom ya kuripoti matapeli, na kwa polisi. Dalili? Pesa kabla ya kazi, jina la M-Pesa si lake, haraka haraka. Facebook haitozi hata senti kurudisha akaunti, na "mtu wa ndani" ya Facebook wa kukufanyia kazi hiyo hayuko. Namba zikikujia kwa meseji usimsomee mtu, na aseme ndia mpaka kesho.

WhatsApp nimejisajili upya, yeye katoka, ila aliweka PIN yake na mimi nasubirishwa siku 7. Leo ya nne. Wenye harusi nipigieni simu ya kawaida. Yule bibi harusi mkono wa pili nilimchora bure ili asinitangaze, na jana sokoni nimeulizwa na watu watatu.