Mfuko wa udongo wa Nepenthes, Goma: kazi nusu

Mchanganyiko huu wa makumbi ya nazi na jiwe la volkano, kwa Nepenthes, ule mmea wa vikombe vinavyonasa wadudu, ni mwepesi na hautuamishi maji. Ila makumbi yake hayakuoshwa: chumvi ikibaki, ncha za majani zitaungua. Yaloweke usiku kucha kwa maji ya mvua, kamua, rudia mara tatu. Maji ya Ziwa Kivu yaache, yana madini mengi. Jiwe nalo lichekeche na kulisuuza. Vumbi lile jeusi huziba hewa, mizizi ikaoza. Ongeza sfagnamu kavu iliyolowekwa, ule mmea laini kama sponji unaoshika maji, kiasi sawa na makumbi. Ukifinya konzi moja, yadondoke matone mawili matatu tu. Na kile kipakiti cha samadi ambacho wauzaji wanakupa bure pamoja na mfuko? Usiiwekee Nepenthes; mwagia lengalenga, yaani mchicha.